Kingamwili hazijishambulii

SWALI: Majibu ya vipimo vyangu yanasema nina "kingamwili dhidi ya viini vya seli". Jamaa yangu anasisitiza kwamba Kiswahili chepesi ni "kingamwili zinazojishambulia". Nimfuate? Na wingi ni kingamwili au vingamwili?

JIBU: Kingamwili ni protini ambazo mwili huzitengeneza ili kupambana na vijidudu. Nianze na dogo. Kinga limetokana na kitenzi kukinga, nalo liko ngeli ya I-ZI: kingamwili hii, kingamwili hizi. Wanaoandika "vingamwili" wamehadaiwa na ki ya mwanzo, ambayo ni sehemu ya mzizi. Nimechoka kuwasahihisha, na angalau maana yao haipotei.

Hilo la "zinazojishambulia" siwezi kulivumilia, na kila siku nakutana nalo katika makala za afya. Kiambishi -ji- humrudishia mtenda tendo lake mwenyewe. Mbwa wa ulinzi akimuuma mwenye nyumba, nani husema mbwa amejiuma? Mbwa hana hata mkwaruzo. Damu inamtoka bwana wake. Mbwa amemuuma bwana wake, basi. Ukiing'ang'ania -ji-, umemgeuza mbwa kuwa majeruhi na kumsahau anayevuja damu.

Kwa hiyo "mwili unajishambulia" ni sahihi kabisa, maana ashambuliaye na ashambuliwaye ni mwili uleule. "Kingamwili zinaushambulia mwili" ni sahihi pia. Lakini "kingamwili zinajishambulia" ni kusema kwamba zinajimaliza zenyewe, na mgonjwa anabaki hana kinga.

Ukweli ni kinyume chake. Katika lupasi, ugonjwa ambao kinga huushambulia mwili wenyewe, kingamwili hizi hulenga vitu vya ndani ya seli, ikiwemo DNA na protini za kwenye kiini. Seli zinapokufa, vilivyomo humwagika nje, kingamwili huvinasa, na mafungu hayo yakituama kwenye figo huziharibu. Ndiyo maana wagonjwa wengi hupewa dawa za kuituliza kinga. Sasa mwambie mgonjwa huyo kwamba kingamwili zake zinajishambulia. Ataelewa kuwa kinga inamwishia, ataufananisha ugonjwa wake na UKIMWI, kisha atatafuta vidonge vya "kuongeza kinga". Mhariri aliyepitisha sentensi hiyo amemdhuru msomaji wake, na kisingizio cha wepesi wa lugha sikikubali.

Shika maneno ya majibu yako, "kingamwili dhidi ya viini vya seli". Dhidi tulilipata kwa Waarabu zamani, na hakuna asiyelielewa. Ukitaka kuzitaja kwa jumla, sema "kingamwili zinazoushambulia mwili". Wala usiruhusu jamaa yako akufupishie majibu hayo kuwa "nina lupasi". Kingamwili hizo hukutwa hata kwa baadhi ya watu wenye afya njema, na daktari hutazama dalili na vipimo vingine kabla ya kuutaja ugonjwa.