Oda zimerudi, mafundi hawajarudi

SWALI: Nina karakana ya kuchomelea hapa Kibuye, Kisumu. Mwaka wa 2020 niliwaachisha vijana wanne. Sasa oda za mageti zipo, lakini wawili ni wa boda boda, mmoja alirudi ocha, wa nne aliuza mashine. Tuliambiwa uchumi ulipona 2021. Je, serikali ingeweza kuzuia haya?

JIBU: Fundi, hukudanganywa. Uchumi wa Kenya ulinywea kwa asilimia 0.3 mwaka wa 2020, ukakua kwa zaidi ya asilimia 7 uliofuata. Ila hesabu hiyo hupima thamani ya bidhaa na huduma zilizozalishwa. Ufundi uliopotea haumo.

Isugue bisibisi yako kwenye sumaku ya spika mbovu, kisha uweke sumaku kando. Bisibisi bado itanasa skrubu. Wanafizikia huiita histeresisi, yaani athari inayobaki hata chanzo chake kikiondoka, na mwaka wa 1986 wachumi Olivier Blanchard na Lawrence Summers waliazima neno hilo kueleza kwa nini ukosefu wa kazi Ulaya ulikataa kushuka. Kijana wako wa boda boda sasa ana mkopo wa pikipiki na wateja wa stejini. Kumrudisha ni ghali kuliko ambavyo kumbakiza kungekuwa.

Serikali ingeweza kiasi. Aprili 2020 VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14, ikarudishwa Januari 2021. Hiyo humfaa aliye na mnunuzi, nawe hukuwa naye. Kazi Mtaani, mpango wa serikali wa vibarua vya vijana, iliwapa hela ya unga, siidharau, lakini kufyeka nyasi hakutunzi mkono wa kuchomelea. Mimi ningetoa oda ndogondogo za madawati na mageti ya zahanati kwa karakana kama yako, na zilipwe kwa wakati. Hundi ikikaa ofisini miaka miwili, ni wewe unayeikopesha serikali, tena bila riba!

Wapo wanaosema serikali ikope tu, uchumi utakua na deni litajilipa. Mwaka wa 2012 Summers na mchumi mwenzake Brad DeLong walionyesha kwamba linaweza, lakini waliizungumzia Marekani, riba ikikaribia sifuri. Kenya iliuza bondi, yaani hati ya mkopo, ya dola bilioni 1.5 Februari 2024 kwa riba ya asilimia 9.75. Kwa bei hiyo, pesa ya kutupa hakuna.

Wewe anza na yule aliyeuza mashine. Wa boda boda hawataacha hela ya kila siku. Huyu amekosa chombo tu, na chombo unacho.