Barua kwa mwanangu aliyeuliza kuhusu kufunga kizazi

Chumbageni, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Baada ya salamu, sisi huku hatujambo, na shangazi yako anakusalimu. Umeniuliza mambo mawili: kama mwanamke asiye na mume wala mtoto anaruhusiwa kufunga kizazi, na kama mimi mama yako nitakuwa upande wako ukifanya hivyo sasa, ukiwa na miaka 31. Umenieleza pia kwamba daktari uliyemwendea alikutaka urudi na mume, na ulipomwambia huna, akasema basi urudi utakapompata.

Kwa kuwa nimestaafia uuguzi, nitaanza na huyo daktari. Fomu ya ridhaa ya operesheni hii husainiwa na mteja mwenyewe, aliye mtu mzima na mwenye akili timamu, baada ya kupewa ushauri. Mume hushauriwa ahusishwe pale alipo, lakini saini yake si sharti, sembuse ya mume ambaye hajapatikana. Tanzania iliridhia mwaka 2007 Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, yaani mkataba wa nchi za Afrika kuhusu haki za wanawake, ambayo ibara yake ya 14 inampa mwanamke haki ya kuamua kama atazaa au hatazaa, na kuchagua njia ya uzazi wa mpango. Ulichoambiwa ni desturi iliyovaa koti jeupe, wala haiko kwetu tu. Marekani, hadi mwishoni mwa miaka ya 1960, madaktari wa uzazi walikuwa na kanuni ya kuzidisha umri wa mwanamke kwa idadi ya watoto wake, na jibu lisipofika 120 alinyimwa operesheni. Kwa kanuni hiyo, asiyezaa angezidishiwa sifuri hata akiwa na miaka 45.

Usidhani hata hivyo kwamba masharti yote ni uonevu. Huko Namibia, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2014 kwamba wanawake waliokuwa na virusi vya UKIMWI walifungwa kizazi bila ridhaa ya kweli, kwa kuwa fomu waliwekewa mbele wakiwa katika uchungu wa kuzaa. Anayenyimwa kwa sababu hana mume na anayefungwa akiwa katika uchungu wametendewa jambo lile lile: mwingine ameamua kwa niaba yao. Ndiyo maana maswali mengi utakayoulizwa, na muda utakaopewa wa kufikiri, ni kinga yako. Jibu bila hasira, ila swali la mume likirudi, omba kuonana na mganga mfawidhi.

Swali la majuto ni la haki, na mimi mwenyewe ningekuuliza. Utafiti mkubwa wa Marekani uliowafuatilia wanawake hadi miaka 14 baada ya operesheni ulionyesha kwamba waliofungwa wakiwa na miaka 30 au chini yake walijuta kwa takriban asilimia 20, na waliozidi hapo kwa takriban asilimia 6. Nimekaa sana na jambo moja katika utafiti huo: miongoni mwa hao vijana, waliojuta kwa kiwango kidogo kabisa ni wale ambao hawakuwahi kuzaa, na waliojuta zaidi ni waliofungwa mara tu baada ya kujifungua au ndani ya mwaka mmoja. Daktari anayekuona wewe ndiye wa hatari, na kumpitisha mama aliyejifungua jana, ameshika kitabu juu chini.

Hata hivyo, kama ungeniuliza ningependa nini, ningependa uanze na lupu ya shaba, ambayo hukaa miaka kumi au zaidi na huondolewa siku utakayo. Mirija ya uzazi, ambayo ndiyo hufungwa katika operesheni hii, ikishakatwa, kuirudisha ni operesheni kubwa, ya gharama, na isiyo na hakika. Ukisema umeshafikiria hayo na hutaki, sitarudia.

Upande wa dini sitakuficha kitu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, lilikataza kuondoa kabisa uwezo wa kuzaa pasipo dharura, na likaruhusu njia za muda kwa wanandoa walioridhiana. Shehe yeyote utakayemuuliza hapa Ngamiani huenda akakujibu hivyo hivyo. Hilo utalibeba wewe mbele ya Mola wako, na sitamwachia daktari wala jirani akubebee.

Nitakuwa upande wako. Ukiamua, ujue kwamba kizazi chenyewe hakiguswi, hedhi itaendelea, na mkato ni mdogo chini ya tumbo, mara nyingi kwa ganzi ya sehemu tu. Katika wanawake 1,000, kama watano hushika mimba mwaka wa kwanza, kwa hiyo ukikosa siku zako kapime upesi, maana mimba ya namna hiyo inaweza kutunga nje ya kizazi. Kondomu bado utaihitaji kwa ajili ya magonjwa. Na akitokea mtu wa kukuposa, umwambie kabla ya mahari kuletwa, kwa sababu hiyo ni haki yake.

Ukishapangiwa tarehe, nipigie, nami nitapanda basi la asubuhi. Kwa juma la kwanza hutakiwi kuinua ndoo wala mzigo wowote mzito, na humo ndani unaishi peke yako.

Mama yako