Fundi anasema chenjiova ya jenereta ni kupoteza hela, nimsikilize?

SWALI: Fundi wetu habari za kazi, nafuatilia sana ukurasa wako. Umeme kwetu unakatika kila mara, nimejichanga na sasa nataka jenereta ya petroli ya nyumbani, nimeambiwa kVA 5 inatosha. Fundi niliyempata anasema chenjiova, ile swichi ya kuchagua umeme wa laini au wa jenereta, ni kupoteza hela, yeye atanitengenezea waya wenye plagi pande zote mbili, nichomeke kwenye soketi yoyote na nyumba nzima inawaka. Anataka tuiweke baraza ya nyuma chini ya dirisha la watoto isinyeshewe. Ameniandikia bei ya jumla tu kwenye kikaratasi na anataka asilimia 80 kabla hajaanza. Nimpe?
Mama Wawili

JIBU: Dada yangu kwa masharti hayo usimpe hata senti, na nakuomba usiruhusu huo waya uingie ndani kwako. Jenereta ikiwa inaunguruma ukachomeka upande mmoja, vile vyuma vya plagi ya upande wa pili vinakuwa na umeme kamili, viko wazi, viko mkononi mwako au sakafuni mtoto anapopita. Alafu ukisahau kuzima mein swichi, umeme wako unatoka nje unarudi mpaka kwenye transfoma, na transfoma ambayo kazi yake ni kushusha umeme ukiingilia upande wa kwako inaupandisha, unakuwa maelfu ya volti, na huko juu ya nguzo kuna mtu amepanda anatengeneza akijua laini imezimwa. Huyo mtu anakufa. Na umeme wa laini ukirudi ghafla wakati jenereta bado inawaka vinagongana, mara nyingi jenereta yako mpya ndo inaungua.

Chenjiova ndo dawa yake. Inakaa kati ya mita na boksi la breka, ina nafasi tatu: laini, sifuri, jenereta, na imeundwa hivyo kwamba haiwezi kushika pande mbili kwa wakati mmoja hata ukikosea gizani. Ya mkono inatosha kabisa, ya otomatiki ni raha tu kama hela ipo. Na ethi ya jenereta, yaani waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, fundi aifunge vizuri, asikwambie eti itafanyika siku nyingine.

Kuhusu baraza, hapana, na hapa nasema kwa uchungu manake hili linamaliza familia nzima usingizini. Moshi wa jenereta una kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, mtu anaanza kuumwa kichwa, kichefuchefu, anasikia usingizi, basi. Iweke nje kabisa, walau mita 6 kutoka kwenye dirisha au mlango wowote, ekzosi itazame upande usio na nyumba, yako wala ya jirani. Mvua ijengee kipaa kilicho wazi pande zote. Gereji hata ukiacha mlango wazi haifai.

Sasa kVA 5. Jenereta nyingi hiyo ni kama kW (kilowati) 4 za kweli, ndio nguvu utakayotumia, unazidisha kwa 0.8, na muuzaji asipokuonyesha kW kwenye kibandiko cha mashine yenyewe achana naye. Taa, feni na TV ni vidogo. Shida ni vyenye mota, friji na pampu ya maji, vikiwaka vinavuta mara 3 mpaka 6 ya matumizi yake ya kawaida kwa sekunde chache. Pampu ya hospawa moja peke yake inaweza kuitikisa hiyo mashine, kwa hiyo iwashe kwanza, ikishatulia ndo uwashe vingine. Hita ya maji, pasi na jiko la umeme viache vingoje laini.

Hela: mwambie aandike kotesheni, kila kitu na bei yake, waya wa milimita ngapi, chenjiova ya ampea ngapi, kazi ya mikono kiasi gani, waranti muda gani. Mashine na vifaa nunua mwenyewe, risiti iwe kwa jina lako. Yeye mpe advansi kidogo ya kuanzia, nyingine kazi ikifika katikati, na iliyobaki ibane mpaka siku ya majaribio: zimeni laini, washeni jenereta, pampu na friji vyote viwake, apime volti mbele yako, iachwe nusu saa hivi alafu mguse waya kwa nje, ukiwa wa moto manake ni mwembamba abadilishe. Uliza pia leseni yake ya umeme, fundi halali haoni haya kuitoa. Huyu wako kama atakataa haya tafuta mwingine, usione aibu hata kama ni mtu uliyeletewa na ndugu.

SWALI: Jenereta yangu ilikaa miezi bila kuwashwa, sasa haiwaki kabisa. Imekufa?

JIBU: Bado kaka. Petroli ikikaa inaharibika na kuacha utando ndani ya kabureta. Mwaga yote, safisha kabureta, weka mpya. Kuanzia sasa kabla ya kuihifadhi funga koki ya mafuta injini ikiwa inawaka uiache izimike yenyewe, na kila mwezi iwashe dakika kadhaa ikiwa na lodi, yaani kuna vitu inaviwasha. Kuongeza mafuta subiri injini ipoe.