Mkuu, weka bisibisi chini: bonge la nyuzi liko chini ya sweta, kosa liko juu

Mkuu, usiiguse hiyo skrubu ya bobini, yaani kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini. Hata robo mzunguko usikaze mpaka umalize kusoma hapa.

Umesema mashine yako ni ya kichwa kimoja, sindano 12, unadarizi nembo kwenye sweta za shule. Uzi mwekundu unakatika kila mara, chini ya kitambaa panajaa bonge la nyuzi, na fundi amekwambia bobini imelegea, uikaze. Umeuliza pia habari za herufi ndogo za jina la shule, na kama ununue uzi wa poliesta au wa reyoni. Hayo mawili tuyaache kwa sasa, tumalize hili la bobini, maana hapa ndipo watu wanaharibu mashine nzima kwa kosa la uzi mmoja.

Rudia kusoma ulichoandika mwenyewe: uzi mwekundu. Sindano zote 12 zinatumia bobini hiyo hiyo moja, kikasha hicho hicho kinachoibeba, skrubu hiyo hiyo. Kama bobini ndiyo yenye kasoro, bluu nayo ingesumbua, njano ingesumbua, nyeupe ingesumbua. Rangi moja ikisumbua peke yake, kasoro iko kwenye njia ya rangi hiyo: sindano yake, visahani vyake vya mkazo (vile vinavyoubana uzi), springi yake, au koni yenyewe ya uzi. Fundi aliyekuja dukani kwako alipaswa kuliona hilo kabla hajafungua begi.

Sasa elewa kwa nini bonge linatokea chini wakati kosa liko juu. Sindano ikishashuka mpaka mwisho na kuanza kupanda, uzi wa juu unaacha kitanzi kidogo nyuma ya sindano. Ncha ya ndoana, ile inayozunguka chini ya bamba, inakidaka kitanzi hicho, inakipanua, inakizungusha kikasha chote cha bobini. Halafu ule mkono wa kuvuta uzi unapanda na kukirudisha kitanzi juu mpaka kikabane kitambaa. Kazi hiyo inawezekana tu kama uzi umeshikwa vizuri na visahani vya mkazo. Usiposhikwa, mkono ukipanda unavuta uzi mpya kutoka kwenye koni, na kile kitanzi kinabaki palepale chini. Mshono unaofuata unaongeza kingine. Mashine ikienda mishono 700 kwa dakika, sekunde chache tu umeshapata bonge.

Kwa hiyo geuza sweta uangalie rangi ya bonge. Kama ni jekundu, yaani rangi ya uzi wa juu, basi uzi wa juu umelegea au haujaingia kabisa kwenye visahani. Bobini ikilegea dalili yake ni nyingine: utaona uzi mweupe wa bobini umepanda juu, unachungulia pembeni mwa herufi. Na hata hiyo dalili ya pili mara nyingi inatokana na uzi wa juu kukazwa mno, au uchafu kwenye kikasha, kabla hujafika kwenye skrubu.

Tuseme umemsikiliza fundi na umekaza bobini. Bonge halitaisha, kwa sababu uzi wa juu bado haujashikwa. Utakaza tena. Baadaye kwa bahati ule uzi mwekundu utaingia mahali pake, bonge litaisha, utaamini fundi alikuwa sahihi. Kumbe sasa bobini inavuta maradufu, na rangi zako 11 zilizokuwa nzima zinaanza kuonyesha weupe juu ya nembo. Utafanya nini? Utakaza visahani vya sindano zote ili zishindane na bobini. Hapo nyuzi zinaanza kukatika zote, sweta inajikunja kuzunguka nembo, na sindano inapindishwa na uzi uliokazwa kupita kiasi. Sindano iliyopinda inagonga bamba la sindano au ncha ya ndoana. Ncha ikishapata mkwaruzo, kila uzi unaopita hapo unachanika, uwe wa bei yoyote. Na ikigongwa kwa nguvu, ndoana inahama mahali pake na mpangilio wake na sindano unavurugika. Hapo umeshatoka kwenye kosa la kubadilisha sindano moja, umefika kwenye kununua ndoana mpya na kumlipa fundi mwingine aipange upya. Na oda ya sweta ina tarehe yake, shule haitakusubiri.

Inaniuma kwa sababu ushauri huu wa "kaza bobini" unazunguka kila mahali. Upo kwenye video za dakika mbili, upo kwa wauza mashine, upo kwa mafundi wa cherehani za kawaida wanaoitwa kutengeneza mashine za kudarizi wakati hawajawahi kupanga hata moja. Anayeshika bisibisi kabla hajageuza kitambaa kuangalia nyuma, usimlipe.

Kanuni ni moja na uishike: bisibisi ni ya mwisho. Kabla yake kuna kupitisha uzi upya, kuna sindano, kuna usafi.

Anza na uzi. Ukate kwenye koni, kisha uuvute kutokea upande wa sindano, uelekeo uleule unaopita wakati wa kushona. Usiuvute kurudi nyuma, maana utaburuza vumbi na nyuzinyuzi kuziingiza ndani ya visahani. Pitisha uzi mpya, na ukifika kwenye visahani ushike kwa mikono miwili, uvute huku na huku kama unasafisha meno kwa uzi, mpaka usikie umekamatwa. Kama visahani vyako vina vipande vya felti, vitazame. Felti ikilika au ikijaa vumbi, uzi hautashikwa sawasawa. Angalia na ile springi ndogo inayocheza pale uzi unapozungukia: iwe inaruka na kurudi. Iliyopinda au kuvunjika haiondoi ulegevu wa uzi kwa wakati, na hilo peke yake linatosha kuleta vitanzi chini. Kisha vuta uzi mwekundu kwa mkono kwenye sindano, vuta na wa jirani yake unaoshona vizuri. Mkono wako utajua tofauti. Ukiwa na kipimo cha mkazo, uzi wa poliesta namba 40 huwa takriban gramu 100 hadi 120 kwa juu, reyoni chini kidogo ya hapo.

Kwa wanaosoma hapa wenye mashine ndogo za nyumbani: nyinyi pitisheni uzi mguu wa mashine ukiwa umeinuliwa. Mguu ukiwa chini visahani vimefungwa, uzi unalala juu yake bila kuingia. Mabonge mengi ya mashine za nyumbani yanatoka hapo tu.

Sindano sasa. Ing'oe hiyo ya nyekundu, weka mpya, hata kama ya zamani unaiona nzima. Ncha ikijikunja kidogo jicho halioni; ipitishe taratibu juu ya soksi nyembamba ya nailoni, ikivuta nyuzi, tupa. Mashine ikifanya kazi siku nzima, saa 8 za kushona zinatosha kuichosha sindano.

Tazama vizuri maandishi kwenye pakiti. Mashine nyingi za aina yako zinatumia sindano aina ya DBxK5. Wauzaji wengi watakupa DBx1, ile ya cherehani ya kiwandani, na kukwambia ni sawa kwa sababu inaingia. Kweli inaingia, shina lina unene uleule wa mviringo. Lakini tundu la DBxK5 ni kubwa zaidi, na ni kwa sababu maalumu: uzi wa kudarizi unapita kwenye tundu huku na huku mara nyingi kabla haujalala kwenye kitambaa. Kwenye tundu dogo unasuguliwa, unaota manyoya, unakatika. Halafu unaambiwa uzi wako ni feki. Kama mtu alikubadilishia sindano moja tu siku za karibuni, na ni hiyo ya nyekundu, nina shaka nayo kuliko kitu kingine chochote.

Kwa uzi namba 40 anza na sindano ya saizi 75/11. Sweta ni kitambaa cha kufumwa, kwa hiyo chukua yenye ncha ya mviringo, isukume nyuzi za sweta pembeni badala ya kuzitoboa. Sweta nzito sana nenda 80/12. Uzi mwembamba namba 60 unataka 65/9. Shina la mviringo halina upande bapa wa kukuongoza, kwa hiyo wengi wanaiweka imegeuka. Mfereji mrefu uelekee mbele kwako, kibonyeo kilicho juu ya tundu kiwe nyuma kwenye ndoana. Kipande kidogo cha sumaku ukikigusisha kwenye sindano kitasimama kuonyesha imeelekea wapi. Isukume juu mpaka igote ndipo ukaze. Ikibaki chini hata milimita moja, ndoana itakikosa kitanzi: mishono itarukwa, uzi utachanika.

Kama unatumia gundi ya kupulizia kushikilia kitambaa, pangusa sindano kwa spiriti. Gundi inanasa kwenye tundu, uzi unakwama na kukatika, na watu wanaanza kulaumu mkazo.

Usafi wa kikasha cha bobini ni wa dakika moja, na ndio unaorukwa kuliko vyote. Kitoe. Kuna springi bapa ambayo uzi unapita chini yake. Nyuzinyuzi za sweta zikijikusanya hapo zinainyanyua springi, na mkazo unashuka bila mtu yeyote kugusa skrubu. Chukua kona ya kadi ngumu, ipitishe chini ya springi kufuata njia ya uzi, utaona uchafu wa kijivu unatoka umeshikana. Usitumie pini wala ncha ya mkasi, zitakwaruza chuma. Piga brashi sehemu ya ndoana, weka tone moja la mafuta ya mashine kwenye njia yake, shona kwanza kwenye kitambaa chakavu mpaka mafuta yaache kutoka. Kitabu cha mashine kitakwambia baada ya saa ngapi urudie. Kwa mashine za biashara ni saa chache tu za kazi, siyo mara moja kwa wiki.

Kisha pima bobini bila kuigusa skrubu. Weka bobini kwenye kikasha, shika ncha ya uzi, kiache kining'inie. Kisishuke chenyewe. Tikisa mkono kidogo: kishuke sentimita 3 hadi 5 na kusimama. Kikianguka mpaka chini kimelegea, kisiposhuka kimekazwa mno. Kwa kipimo, bobini ya aina L huwa kati ya gramu 18 na 22. Kama ya kwako iko hapo, hiyo skrubu haina kesi na usiisogelee.

Kama umeshaikaza kabla ya kuandika hapa, irudishe sasa kwa kipimo hicho. Sogeza kidogo kidogo, kama mshale wa dakika unaposogea dakika 5 kwenye saa, pima, sogeza tena. Fanya juu ya meza yenye kitambaa cheupe, maana skrubu hiyo ni ndogo na ikidondoka sakafuni umeipoteza. Weka alama ya kalamu ilipoishia. Na ununue kikasha cha pili kikae pembeni kikiwa kimepangwa sawa, uwe na cha kulinganishia.

Baada ya hapo ndipo ushone jaribio. Tengeneza herufi I kumi na mbili, moja kwa kila sindano, urefu milimita 25, upana milimita 4 au 5, kwenye kitambaa kilekile cha sweta na kitegemezi kilekile cha chini, kile kinachowekwa kuimarisha kitambaa. Kwa sweta tumia kile cha kukatwa kwa mkasi kisichochanika kwa mkono, na juu weka plastiki laini inayoyeyuka kwa maji. Geuza. Katikati ya kila I uone ukanda mweupe wa bobini, theluthi moja ya upana, na rangi ya juu theluthi moja kila upande. Rangi imefunika nyuma yote? Kaza kisahani cha sindano hiyo nusu mzunguko, shona tena. Weupe umezidi nusu? Kilegeze. Bobini iache. Ni pale tu I zote 12 zitakapokosea kwa namna moja, na kikasha ni safi, na kipimo kimekataa, ndipo uchukue bisibisi.

Nyekundu ikiendelea kukatika hata baada ya sindano mpya, hamishia koni hiyo kwenye sindano ya jirani. Ikikatika na huko, uzi umekauka au umeoza kwa jua la dirishani, tupa koni. Isipokatika, rudi kwenye njia ya sindano ya nyekundu, kagua kila kitundu cha kupitishia uzi kama kimechimbika. Na kama rangi zote zinaanza kuchanika, zima mashine, pitisha kipande cha pamba kwenye ncha ya ndoana na kwenye tundu la bamba. Pamba ikinasa, kuna mkwaruzo. Mdogo unasuguliwa kwa msasa laini sana, namba 1000 kwenda juu. Mkubwa usiuchezee, tafuta fundi anayejua mashine za kudarizi, na aje na ndoana mkononi.

Shona hizo I leo, piga picha upande wa nyuma zote 12 kwenye mwanga wa kutosha, uiweke hapa. Andika na namba iliyoko kwenye pakiti ya sindano ulizonazo.