Kabla hujanunua stoka, nenda kwanza uwanja wa makaa

Wenye viwanda wanaoachana na kuni au mafuta mazito na kuhamia makaa ya mawe huniuliza swali moja: ninunue stoka ya aina gani, yaani mtambo wa kulisha makaa kwenye moto wa boila? Nami huwauliza kwanza makaa yao yanatoka wapi, yana chenga kiasi gani, na yakishushwa kwenye lori yanalala wapi. Wengi hushangaa, kwa sababu walitarajia nizungumzie mota na bei. Lakini kwa miaka yote niliyokaa kwenye chumba cha boila, nikianzia kwenye boila ya kuni na kuishia kwenye boila ya makaa inayojilisha yenyewe, matatizo mengi tuliyoyaita ya mtambo yalianzia uwanjani, kwenye lundo.

Sina ubishi na faida ya kulisha kwa mtambo. Boila inayotoa tani 5 za mvuke kwa saa, ikitumia makaa ambayo kilo moja huzalisha kilo 6 au 7 za mvuke, inakula takriban kilo 700 hadi 830 za makaa kila saa. Kwa siku nzima hizo ni tani 17 hadi 20. Kumpa binadamu beleshi na kumwambia asimame mbele ya mlango wa tanuru arushe mzigo huo ni kumuumiza. Nimewaona vijana wenye nguvu zao wakimaliza shifti macho mekundu na mikono imebabuka.

Hata ukiweka ubinadamu pembeni, moto wenyewe haupendi kulishwa hivyo. Mlango ukifunguliwa, hewa baridi inaingia kwa wingi na kupoza tanuru na tyubu, yale mabomba ya ndani ya boila yanayopitisha joto kwenye maji. Makaa mabichi yakirushwa kwa mkupuo, gesi zake zinatoka zote pamoja kabla hazijapata hewa ya kutosha, na bomba linatoa moshi mweusi. Moshi ule ni makaa yako yanayokwenda angani bila kuungua. Presha inashuka, inapanda, inashuka tena, na huko kwenye mashine wanalalamika. Stoka huleta makaa kidogo kidogo bila kukoma na mlango ukiwa umefungwa. Ndiyo maana Waingereza walianza kuhangaika nayo mapema: John Juckes alipata hataza ya greti ya mnyororo, yaani kitanda cha chuma kinachotembea kikiwa kimebeba moto, mwaka 1841, na greti za viwandani leo bado zinafuata wazo lile lile.

Kwa viwanda vyetu vya kati, utakutana na aina tatu. Ipo ya skrubu, inayosukuma makaa kutoka chini au pembeni na inafaa boila ndogo. Ipo ya kurusha, ambayo hutawanya makaa juu ya moto na kustahimili ukubwa tofauti tofauti, ila hupeperusha majivu mengi, kwa hiyo lazima uwe na vikamata vumbi vya uhakika. Na ipo greti ya mnyororo, ambayo ndiyo niliyoishi nayo zaidi.

Kwenye greti ya mnyororo makaa yanashuka kutoka kwenye hopa, lile pipa la kulishia lililo juu yake, yanapita chini ya lango linalopima unene wa tabaka, kisha yanasafiri polepole kuelekea nyuma. Unene wa milimita 100 hadi 150 ni wa kawaida. Mahali pa kujifunzia mtambo huu ni kwenye kidirisha cha kuchungulia moto. Mwanzoni utaona makaa meusi yanayofuka chini ya upinde wa matofali ya moto. Upinde ule unarudisha joto chini, na ndio unaowasha makaa mapya. Mbele kidogo ndimi za moto zinasimama, ndefu, zenye rangi ya machungwa iliyochangamka. Katikati moto ni mfupi na mweupe zaidi. Kuelekea mwisho wekundu unapungua, na kabla kidogo ya ukingo yanabaki majivu ya kijivu tu yanayodondoka. Ukiona makaa mekundu yanaanguka kwenye shimo la majivu, greti inakwenda kasi kupita uwezo wa moto, na unazika pesa. Moto ukiisha katikati na greti ikabaki wazi nyuma, hewa inapita pale bure na kubeba joto lako hadi bombani. Moto ukianzia karibu mno na lango, utaunguza lango lenyewe na unaweza kurudi hadi kwenye hopa.

Sasa turudi kwenye lundo.

Makaa yanayochimbwa Ngaka, wilayani Mbinga, kusini mwa Tanzania, husafiri kwa lori kupitia Songea na Njombe hadi Makambako, ndipo yashike barabara kuu. Mwendo ule wote, pamoja na kupakia na kushusha, huvunja makaa. Yanayofika yana mabonge, vipande vya wastani, chenga na vumbi. Greti ya mnyororo inataka vipande visivyozidi milimita 25 hivi, na chenga za chini ya milimita 6 zisizidi theluthi moja. Chenga zikizidi, tabaka linabana, hewa haipiti sawasawa, inatafuta penye upenyo na kutoboa matundu. Hapo utaona moto mkali sehemu moja na makaa meusi sehemu nyingine. Kwenye matundu joto linapanda mpaka majivu yanayeyuka na kuwa klinka, mabonge magumu yanayong'ang'ania kuta na kukwamisha greti. Kwa hiyo nunua chekecheo na kivunjio cha makaa pamoja na stoka. Mtu akikuambia hivyo ni vya anasa, hajawahi kung'oa klinka kwa mtaimbo usiku.

Kuna jambo la hopa ambalo watu hawaligundui haraka. Makaa yakidondoshwa mahali pamoja, chenga hubaki pale pale katikati na vipande vikubwa huviringika kwenda pembeni. Matokeo yake greti inapokea chenga katikati na mabonge kandoni, na moto unaungua pembeni tu. Watu wataanza kurekebisha feni, watachezea dampa ya kupimia hewa, wataita fundi umeme. Dawa ni mfereji wa kumwagia makaa unaotembea kulia na kushoto juu ya hopa, ili mchanganyiko uwe mmoja upana wote.

Maji nayo yana kipimo chake. Makaa makavu yenye vumbi tunayanyunyizia maji kidogo saa kadhaa kabla ya kuyatumia, ili chenga zishikane na zisipeperuke wala kudondoka kwenye nafasi za greti. Ukifumba konzi ya makaa yanapaswa kushikana kidogo tu kisha kumeguka. Yakitoa maji kati ya vidole, umezidisha. Mvua za masika ni habari nyingine kabisa: zinalowanisha lundo hadi ndani, makaa yanaganda kwenye hopa na kujenga daraja juu huku chini pakiwa pango tupu. Mtu aliye mbali anaona hopa imejaa na kuridhika, kumbe greti haipokei kitu. Asiingie mtu ndani ya hopa kugonga daraja lile. Likivunjika linamfukia. Weka mlango wa pembeni wa kuchokolea kwa fimbo ndefu, na kitambuzi kinachopiga king'ora makaa yakikatika chini. Zaidi ya yote, jenga paa juu ya makaa ya wiki moja au mbili. Katika pesa zote ambazo nimeona viwanda vikitumia kwenye boila, paa la mabati juu ya makaa ndilo lililoleta nafuu ya haraka kuliko kitu kingine.

Lundo hilo hilo linaweza kujiwasha lenyewe. Makaa huvuta oksijeni hewani na kutoa joto polepole, na likiwa kubwa na lililolegea, joto linakusanyika ndani. Chomeka nondo ndefu katikati ya lundo, iache kwa muda, kisha ichomoe na usogeze mkono karibu bila kugusa. Ukihisi joto, au ukinusa harufu kama ya lami asubuhi, ondoa sehemu ile, itandaze ipoe, na uitumie kwanza. Kwa kawaida pia yaliyotangulia kufika ndiyo yatangulie kuungua. Makaa ya zamani yasifukiwe chini ya mapya miezi na miezi.

Katika kila lori utakuta pia mawe, nondo, boliti na meno ya mashine za kuchimbia. Sumaku juu ya mkanda wa kupandishia makaa inanasa vyuma, lakini mawe hupita. Ndiyo maana watengenezaji huweka pini laini kwenye ekseli ya skrubu au ya greti: kitu kikikwama, pini inakatika na giaboksi inapona. Kwenye kiwanda kimoja pini zilikatika kila mara, na msimamizi akaona suluhisho ni kuweka boliti ngumu. Boliti haikukatika. Lilipoingia jiwe, meno ya giaboksi ndiyo yaliyokatika, na boila ikasimama kusubiri vipuri kutoka ng'ambo. Pini ikikatika mara kwa mara, tafuta jiwe linapotoka. Na weka pini za akiba ndani ya chumba cha boila, zile zile za mtengenezaji, mtu asipate sababu ya kuokota boliti sakafuni.

Jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote ni umeme kukatika. Boila ya mafuta umeme ukikatika moto unazimika papo hapo. Boila ya makaa haiko hivyo. Tabaka lote lile jekundu linabaki pale juu ya greti, linaendelea kuchemsha maji, huku pampu ya maji imesimama. Maji yakishuka chini ya tyubu, chuma kinapata moto bila cha kukipoza, na hapo tunazungumzia maisha ya watu. Kila boila ya makaa iwe na njia ya pili ya kuingiza maji isiyotegemea umeme wa gridi: injekta inayoendeshwa na mvuke wenyewe, au pampu iliyounganishwa na jenereta inayowaka kweli ikihitajika. Ijaribiwe kila wiki. Greti nayo iwe na mkono wa kuzungushia, kwa sababu ikisimama chini ya moto viungo vyake vinapinda. Vijana wangu walijua mpangilio bila kuambiwa: mmoja kwenye kioo kinachoonyesha kimo cha maji ndani ya boila, mmoja kwenye mkono wa greti, mwingine kwenye jenereta. Na ikiwa maji hayaonekani tena kwenye kioo, usiyarudishe kwa pupa. Maji yakigusa chuma kilichopata moto kupita kiasi yanaweza kuipasua boila. Acha ipoe, ondoa watu.

Umeme ukirudi, washa kwanza feni ya kuvuta moshi, iache isafishe tanuru, ndipo uwashe feni ya kupuliza. Tabaka lililokosa hewa hukusanya gesi zinazolipuka, na ukizipulizia hewa bila kuzivuta zitatokea mlangoni kwa anayechungulia.

Mifumo ya kisasa husoma presha ya mvuke na kurekebisha mwendo wa greti na feni kwa pamoja. Ni mizuri, ila makaa hayana haraka ya mafuta. Ukiongeza makaa sasa, mvuke unakuja baadaye. Kwenye kiwanda cha nguo, mashine za kutia rangi zikifunguliwa zote kwa wakati mmoja, presha inaporomoka, mtambo unaongeza makaa, na yanaposhika moto vizuri mashine zimeshafungwa. Sefti valvu, ile ya kupunguza presha ikizidi, inaanza kupiga kelele na mvuke uliolipiwa unaruka hewani. Tulichofanya ni kukaa na wenzetu wa idara ya rangi na kukubaliana wapishane kufungua, na wapige simu kabla. Hakuna kifaa tulichonunua kilichotuliza presha kama makubaliano hayo.

Usiwapunguze watu wa boila kwa sababu umenunua stoka. Badilisha kazi yao. Aliyekuwa na beleshi sasa asome joto la moshi kila saa na aandike. Likipanda kwa takriban nyuzi 22 juu ya kawaida, unapoteza kama asilimia 1 ya ufanisi, na mara nyingi ni masizi kwenye tyubu. Apewe mafunzo na barakoa ya vumbi. Boila ikaguliwe kama sheria ya usalama kazini inavyotaka. Mkaguzi wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, akija, mkaribishe aingie hadi ndani, maana anaona kutu ambayo ninyi mmeshaizoea.

Ukifika kwenye kuandikiana mkataba na muuzaji, weka kifungu kwamba majaribio yafanyike kwa makaa yako mwenyewe, lori zima jinsi lilivyofika, siyo kwa makaa yaliyochaguliwa na yeye. Waendeshe shifti nzima kwenye mzigo kamili na wapime majivu yamebaki na makaa kiasi gani. Viungo vya greti vya akiba, pini na mikanda viwe vimeshafika stoo kabla hujalipa malipo ya mwisho. Kisha, mbele yao, moto ukiwa umewaka sawasawa na watu wakiwa wamejipanga kwenye nafasi zao, kata umeme kwa makusudi, uone maji yanaingiaje.