Ufaransa haijakataza kippa barabarani
Wapo wanaodai kwamba Ufaransa imekataza kuvaa kippa, ile kofia ndogo ya Kiyahudi, mitaani. Hapana, si kosa. Sheria wanayoichanganya hapa ni ya tarehe 15 Machi 2004, nayo inawahusu wanafunzi wa shule za serikali tu, msingi hadi sekondari. Humo hairuhusiwi alama ya dini inayoonekana waziwazi, iwe kippa, hijabu au msalaba mkubwa. Kidani chenye nyota ndogo ya Daudi hakina shida, na mwanafunzi akishafika chuo kikuu anavaa kippa yake. Sheria nyingine, ya 2010, inakataza kufunika uso hadharani. Kippa hukaa utosini.

Ila mtumishi wa umma akiwa kazini ni habari nyingine: mwalimu wa shule ya serikali au muuguzi wa hospitali ya umma havai alama yoyote ya dini.

Kinachowafanya Wayahudi wengine waivue kippa mitaani ni hofu. Januari 2016, Marseille, mwalimu wa Kiyahudi aliyevaa kippa alishambuliwa kwa panga, akajikinga kwa kitabu cha Torati alichokuwa nacho. Zvi Ammar, kiongozi wa Wayahudi mjini humo, akawashauri wanaume waiache kwanza; Rabi Mkuu wa Ufaransa, Haïm Korsia, akapinga. Mimi niko na Korsia, ingawa simlaumu hata kidogo baba anayeificha chini ya kepu akimpeleka mwanawe shule.