Mwenye gauni ni nani? Kwa wanaoanza kazi kwenye chumba cha mavazi ya kale

Wadogo zangu wawili wameanza kazi mwezi huu kwenye chumba chetu cha mavazi hapa chuoni, mmoja katoka Moshi, mwingine Goma. Siku ya kwanza wote wawili waliniuliza swali moja: "Dada, gauni la Dior liko wapi?" Sikuwacheka, maana hata mimi nilipofika niliuliza hivyohivyo. Tunalo, la jumba hilo maarufu la mitindo la Paris, limelazwa kwenye sanduku la chini kabisa, na si nguo ninayoithamini kuliko zote humu ndani.

Kwa ambao hamjawahi kuingia mahali kama hapa: vyuo vya wasichana vilivyoanzishwa na masista Wakatoliki huku Marekani vina tabia ya kutunza vitu. Kinachotajwa sana kwa mavazi ni Mount Mary, mjini Milwaukee. Masista wa Shule wa Notre Dame walikifungua kama chuo huko Prairie du Chien mwaka 1913, wakakihamishia Milwaukee mwaka 1929, na mwaka 1965 wakaanzisha shahada ya miaka minne ya ubunifu wa mavazi, ambayo huhesabiwa kuwa ya kwanza nchini humo. Mwaka huohuo wa 1965, mwezi Oktoba, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulitoa hati ya Perfectae Caritatis iliyotaka mavazi ya watawa yawe sahili, ya staha na yenye kuendana na afya na mazingira. Hebu fikirieni miaka iliyofuata katika vyuo vya masista: asubuhi sista anamfundisha msichana kupima kiuno na kukata sketi, jioni anakaa na wenzake kujadili shela lake mwenyewe lipunguzwe kiasi gani. Ndiyo maana nikiona vazi la zamani la mtawa kwenye sanduku huwa nalitazama mara mbili. Letu sisi lina viraka vitatu kwenye pindo, vimeshonwa kwa mkono na mishono midogo mno, na kiraka cha tatu kimewekwa juu ya cha pili.

Sasa nguo ninayoipenda. Ni bukta pana ya mazoezi, ya buluu, ya miaka ya 1920, imechujuka magotini. Ndani ya kiuno mwenyewe alishona jina lake kwa uzi mwekundu ili isipotee kwa dobi wa bweni. Kwa jina hilo tulimpata kwenye kitabu cha picha cha mwaka, kapiga foleni na wenzake, wa tatu kutoka kushoto. Kisha tukampata tena kwenye bahasha ya kadi za dansi, zile kadi ndogo zenye kamba na kijipenseli, ambazo msichana alikuwa anaandika atacheza na nani wimbo gani. Nafasi nne za mwanzo kaandika jina la mwanamume mmoja, halafu zilizobaki zote tupu. Huyo ni mtu kamili tayari, kapatikana kwa bukta iliyochujuka. Dior letu halina jina la aliyelivaa.

Ndiyo maana nawaambia, mtu akileta sanduku, msilifungue kwanza. Mketisheni, mpeni maji, mchukue penseli (kalamu ya wino haiingii chumba hiki hata siku moja). Muulizeni nguo ilikuwa ya nani, aliivaa lini na kwenda wapi, nani alishona, nani aliipunguza au kuipanua, na kwa nini hakuitupa. Hilo swali la mwisho ndilo hufungua midomo. Mwaka wangu wa kwanza alikuja bibi mmoja, mhitimu wetu, na gauni la arusi. Siku hiyo nilikuwa na masanduku ishirini ya kufunga, nikamwambia nitampigia simu aniambie habari zake. Nilimpigia Januari. Alishafariki. Hadi leo kadi ya kumbukumbu ya gauni hilo inasema: "Gauni la arusi, hariri, karibu mwaka 1948. Mtoaji: mhitimu." Basi.

Kwenye mikono sitasema mengi, mtajifunza kwa kutazama. Kata kucha, vua pete na saa, nawa na ukauke vizuri. Glavu za plastiki ni kwa vitu vyenye sehemu za chuma, na kwa vile vinavyoweza kuwa na sumu: kijani kikali cha karne ya 19 huenda kina aseniki, na kofia za zamani za manyoya yaliyogandamizwa huenda zina zebaki. Msivinuse hata kidogo.

Kuning'iniza ndiko kunakowaponza wageni. Magauni ya ushanga ya miaka ya 1920 yana shanga za kioo kwenye kitambaa chepesi kama utando wa kitunguu, na ushanga ni mzito. Niliwahi kulitundika moja kwenye hangeri niende kula, nikajisemea ni nusu saa tu. Niliporudi bega lilikuwa linachanika mbele ya macho yangu, shanga zinamwagika sakafuni kwa sauti ya choroko kwenye sinia. Tuliokota hadi jioni. Gauni la ushanga hulazwa. Na magauni ya miaka ya 1930 yaliyokatwa mshazari hulazwa vilevile, la sivyo yanavutika na kurefuka yenyewe.

Mkikuta hariri ya mwisho wa karne ya 19 au mwanzo wa karne ya 20 imepasuka mistari mistari kama imekatwa kwa wembe, msijilaumu. Hariri ikiondolewa gundi yake ya asili hupungua uzito karibu robo, na kwa kuwa iliuzwa kwa uzito, watengenezaji walifidia kwa kuiloweka kwenye chumvi za bati. Ilipendeza, ikawa na sauti nzuri mtu akitembea, na chumvi hizo zinaila mpaka leo. Piga picha, andika, laza, ondoka.

Kukunja ni kwa karatasi laini isiyo na asidi: iliyotiwa chokaa kwa pamba na kitani, isiyo na chokaa kwa hariri na sufu. Kila mkunjo utiwe karatasi iliyoviringishwa ndani yake, usibaki mstari mkali.

Jambo la wadudu lilinigombanisha na malezi yangu. Mama yangu anaweka karafuu na majani ya mwarobaini kwenye sanduku la nguo, na anazifukiza udi. Humu hakuna hata kimoja cha hivyo, kwa sababu mafuta ya viungo huacha madoa. Sufu yenye dalili za nondo tunaifunga kwenye mfuko, tunatoa hewa, tunaitia friza kwenye nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri au baridi zaidi kwa wiki moja au mbili. Ikitoka, mfuko usifunguliwe hadi siku nzima ipite, ama sivyo unyevu wa hewa utageuka maji juu ya nguo baridi. Mama nilipomweleza alisema hiyo si nguo, hiyo ni samaki.

Kukadiria umri, anzeni ndani kabla ya nje. Zipu za chuma zilienea kwenye magauni ya wanawake miaka ya 1930, za nailoni zikaja kwa wingi miaka ya 1960. Lebo yenye maelekezo ya kufua ikawa lazima Marekani mwaka 1972. Lakini zipu hubadilishwa na fundi yeyote, kwa hiyo tazameni matundu ya mshono wa zamani pembeni yake.

Halafu kuna vitu ambavyo mtavisoma nyinyi kabla ya mtu mwingine yeyote humu. Mwaka jana nilifungua bahasha iliyoandikwa "kitambaa cha mezani, Afrika, pamba". Ilikuwa kanga. Pindo lake, mji wake, na jina wazi kabisa: WEMA HAUOZI. Ukingoni K.H.E., Mali ya Abdulla, alama ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa. Ilitoka kwenye sanduku la mhitimu aliyefundisha Afrika Mashariki miaka ya 1960. Nilirekebisha kadi, nikakuta programu yetu haina mahali pa kuandika jina la kanga, nikaliweka chini ya "maandishi" huku nikinung'unika.

Ilikuwa moja tu, si doti. Upande ilipokatwa haujapindwa, na dondo halijatoka, bado ngumu kama siku ilipotoka dukani. Kwa hiyo hakuivaa. Aliikata doti, kanga moja akampa mtu, ya pili akaja nayo huku ikakaa sandukuni. Nimemwandikia mpwa wake aliyetuletea vitu hivyo, nimemuuliza kama kuna barua yoyote inayomtaja rafiki wa huko. Bado hajajibu.